Waridi la Tano

Doreen Colclough alifinyanga maua miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vyombo vya udongo mjini Longton, Uingereza, petali moja baada ya nyingine, udongo ukikandwa kiganjani mpaka uwe mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Hakuna ua hata moja lililobeba jina lake. Chini uligongwa muhuri wa kiwanda, basi. Alipostaafu alipewa waridi moja kati ya aliyoyatengeneza mwenyewe, akashukuru.

Mumewe, Wilf, alikuwa mtu wa mawaridi ya bustanini. Mwaka huo mvua ya mawe ilimwachia manne tu, na maonyesho ya maua yalitaka matano katika jagi moja. Wilf akakaa jikoni, chai ikapoa mbele yake. Mwingereza akiacha chai ipoe, ujue mambo yameharibika. Doreen hakuvumilia. Asubuhi akachomeka lile la udongo katikati ya yale manne, akalipeleka jagi kwenye maonyesho, asimwambie mtu.

Mwamuzi alikuwa Bwana Pargeter, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Akainama, akanusa la kwanza, la pili. La tano akalinusa mara mbili, kisha akaligonga kwa ukucha. Likalia ti.

"Hapa kuna mtu kafanya feign," akasema. Hilo ni neno la Kiingereza cha waliosoma: kujifanya, kusingizia.

Hilda, jirani yao, akaangua kicheko. "Bata wangu, waridi lako halimwagiliwi, linapanguswa vumbi." Huko kwao kila mtu huitwa bata kwa upendo, hata mchungaji.

Aibu ilimpanda Doreen hadi masikioni. Wilf alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na akifukuzwa kwenye chama cha wakulima wa maua atakufa kwa huzuni.

"Ni mimi, bata," akamwambia mwamuzi. "Wilf hajui kitu. Nimelitengeneza kwa vidole vyangu. Na hiyo feign, si imetoka kwenye finger, kidole?"

"Hapana, hayo si ndugu." Bwana Pargeter aliligeuza waridi, akaona alama za vidole chini ya petali. Sauti ikamlegea. "Neno hilo limetoka kwa Warumi. Fingere, kuumba kitu kwa udongo. Likapitia kwa Wafaransa, likafika kwetu limeshakuwa uongo. Mwanzoni lilikuwa kazi ya mikono tu, mama."

Nanyi msidhani fingere na kufinyanga kwetu ni damu moja. Yamefanana tu, msije mkaumbuka kama Doreen na kidole chake.

Sheria ni sheria. Jagi likaondolewa mezani. Lakini waridi la udongo likabaki peke yake, na mwamuzi akaliandikia kadi: "Halishindani. Limefinyangwa na Doreen Colclough."

Wilf akaja, akaisoma, akairudia.

"Umenikosesha zawadi," akasema.

"Umekasirika?"

"Sana, bata. Hebu sogea kidogo, unawazibia watu jina."