Mfuko wa Kisu Ndani ya Kaptula

Mwalimu wa kupiga mbizi alikuwa mwanajeshi mstaafu anayeishi karibu na kambi ya Makenke, na siku ya kwanza tu aliwakataza wanafunzi wake jambo ambalo wote walikuwa wameshalipenda: kufunga kisu mguuni, chini ya goti. Walikuwa wameona hivyo kwenye picha. Aliwaeleza kwamba wavu hunasa kwanza kwenye mpini wa kisu hicho, na ukishanaswa huwezi kujikunja ukaufikia mguu. Kisu kiwe kifupi, kikae kifuani, kwenye mikanda ya kizibao cha kubebea mtungi wa hewa, mahali ambapo mkono wowote unafika. Na upande wa pili wa kifua uwepo mkasi, kwa sababu visu huanguka.

Mume wangu aliitikia ndiyo afande. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bwawa la hoteli walikofundishiwa, pale Mbarara, nikajua kabisa kwamba hajakubali.

Chama cha wavuvi wa Nakivale, ziwa lililo kando ya makazi yetu ya wakimbizi, kilimchagua kwa kuwa alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wa huku wanaamini mtu wa Tanganyika hazami. Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa nyavu zilizopotea chini ya ziwa, zinazoendelea kuua samaki bila faida ya mtu. Vifaa tuliletewa na mgeni mmoja wa kanisa, mtu wa moyo mwema sana, ambaye hakuuliza kama ziwani kuna viboko. Wapo.

Tuliporudi nyumbani mume wangu alinipa kaptula yake ya mtumba aliyoinunua soko la Rugaaga.

"Unishoneye mufuko kwa ndani, fasi mutu hawezi kufikisha mukono," akasema. "Kisu ya ku kifua, batu bote banaiona."

Nikashona, tena kwa moyo wote. Sisi tuliotoka Kivu Kusini, kule Kongo, kwa miguu tuna elimu yetu kuhusu mahali pa kubebea vitu. Kilichoonekana kilichukuliwa njiani; kilichofichwa ndicho kilichofika Uganda. Mpaka leo simu yangu inakaa chini ya vitambaa viwili, na ikilia kanisani mhubiri hunisubiri kwa upole nimalize kuitafuta. Kadi ya ukimbizi ya mume wangu imeshonewa ndani ya suruali, na siku za kuhakikiwa yeye hugeukia ukuta kwanza, foleni nzima ikijua anachotafuta. Kwa hiyo nilimtengenezea mfuko wa heshima, wenye zipu, na juu ya zipu kifungo. Juu ya kaptula likaja vazi la mpira, na juu ya vazi mkanda wa vyuma vizito vya kumzamisha. Hakuna mwizi ambaye angekipata kile kisu.

Siku ya kazi nilikaa ndani ya mtumbwi nimeshika kamba aliyofungwa kiunoni, afande kando yangu, naye amevaa mtungi wake tayari. Tulikubaliana kwamba mume wangu akivuta mara moja, mambo ni sawa. Akivuta mfululizo, yamemfika. Akavuta mara moja, nikatabasamu. Kamba ikatulia. Halafu ikaanza kuvutwa na haikuacha.

Sikumbuki nilisema nini. Afande alikuwa ameshajitupa majini. Maji yale ni tope. Ukizamisha mkono huoni vidole vyako. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku tuliyovuka mpaka, maana siku ile tulikuwa wawili.

Waliibuka pamoja, mume wangu amefunikwa wavu kichwani mpaka mabegani kama bibi harusi. Tulipompandisha mtumbwini, afande alimkatia uliobaki, na alipoona anapumua vizuri akamuuliza kisu chake kiko wapi. Mume wangu akagusa paja. Afande akapapasa, hakuona kitu. Ikabidi mkanda ufunguliwe, vazi livuliwe, kifungo kitolewe, zipu ibembelezwe, na mtu mzima akabaki na kaptula katikati ya ziwa ili kutuonyesha kisu kipya ambacho hakijawahi kukata chochote.

"Sasa huko chini nani ataiba wewe?" afande akauliza. "Samaki?"

Akaugeuzageuza ule mfuko, akasema aliyeshona anajua kazi. Mimi nikawa naangalia viboko.

Wiki iliyofuata tulirudi. Safari hii kisu kilikuwa kifuani, mpini wake wa manjano unaonekana tangu ufukoni. Kabla ya kushuka, mume wangu alikifunika kwa kiganja. Akawatazama wavuvi, akawatazama wanawake waliokuwa wakichota maji, akamtazama hata kijana wa boda aliyekuwa anaosha pikipiki yake. Mtu ambaye nusura afe ziwani alikuwa anaogopa watu wa nchi kavu, na nilimhurumia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshawahesabu.

"Na bakiikamata?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Bakamate," nikamwambia. "Kisu bakamate. Weye bakuache."

Akaondoa kiganja, akashuka.