Orodha ya Mahari Niliyoiandika Baada ya Shawarma Tatu

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili mtu asipoteze muda kunitafutia mshirika, ingawa shemeji yangu Placide nitamtaja mara nyingi, kwa sababu yule ana mdomo.

Jina langu liacheni. Mimi ni mtu wa Bukavu, nina miaka hamsini na sita. Vita vilinipeleka kambini Kigoma, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kuandikia. Baadaye nikafika Bruxelles. Nafanya kazi Uccle katika nyumba ya wazee: nawaogesha, nawavisha, nasikiliza habari za watoto wao wasiokuja. Nina mke mmoja na binti mmoja, Furaha. Mwaka jana Furaha aliolewa na mimi baba yake sikuwepo. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Sikualikwa.

Ngojeni niwaeleze mtu mwenye akili zake timamu anafikaje hapo.

Pale Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Wakongo, kuna kinyozi wetu, na kila Jumamosi kwa kinyozi huyo kuna mjadala mmoja usiokwisha: kati ya Mlebanoni na Mhindi, nani ana pesa zaidi? Mhindi, kwetu, ni mtu yeyote ambaye babu yake alitoka upande ule wa Asia. Awe Mpakistani, awe wa Bangladesh, hatumuulizi. Tuliwakuta wote wawili na maduka kule kwetu, tukaja huku tukawakuta tena na maduka, kwa hiyo kila Mkongo anajiona profesa wa jambo hili.

Placide, kaka wa mke wangu, ni wa upande wa Mhindi. "Muhindi anakala juu ya duka yake," husema. "Anavaa tricot moja, sweta ile ile, miaka kumi. Alors, feza inaenda wapi? Iko pale pale."

Mimi nilikuwa wa upande wa Mlebanoni. Ushahidi nilikuwa nao kazini. Kuna daktari mmoja Mlebanoni anayekuja kumtembelea mama yake pale Uccle. Gari lake halitoi sauti. Viatu vyake nikiviona naona haya kwa niaba ya vyangu. Nikasema, bon, kama huyu ni mmoja, wenzake wakoje?

Mjadala huo ungebaki kwa kinyozi, ungekuwa haujamuumiza mtu. Lakini Esther, binti wa Placide, akaolewa na kijana wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, watu wa kanisa, wapole. Kwa desturi yetu familia ya msichana huandika orodha ya mahari, ile tunayoiita liste, na upande wa kijana huitimiza. Orodha ya Placide ilikuwa na vitu kumi na viwili. Vyote vililetwa Jumapili moja, mpaka mfuko wa chumvi. Tangu siku hiyo Placide hakuongea kitu kingine. Hata ukimsalimia anajibu na cherehani aliyoletewa mke wake.

Sasa katika hali hiyo Furaha ananiletea Elias. Kijana mtaratibu, fundi wa lifti, Mkristo, amezaliwa Bruxelles. Nikamuuliza wazazi wake ni wa wapi. "Liban," akasema, "baba ana snack, mgahawa mdogo, Anderlecht." Moyo wangu uliruka, nakiri. Nilipaswa kumuuliza kama anampenda mwanangu. Nilichowaza ni uso wa Placide.

Nikaamua kufanya uchunguzi. Mtu haandiki orodha bila kujua uwezo wa watu, nilijiambia. Siku yangu ya mapumziko ni Jumatano. Basi Jumatano tatu mfululizo nilivaa kofia, nikavaa na miwani ya kusomea ya mke wangu, ambayo inanifanya nione sakafu iko karibu na magoti, nikapanda metro mpaka Anderlecht kuhesabu wateja wa mkwe.

Jumatano ya kwanza saa sita mchana, vingt-trois, watu ishirini na watatu. Ya pili, trente et un, thelathini na mmoja. Ya tatu, quarante-quatre, arobaini na wanne, na wengine wamesimama. Mwenyewe, Papa Elias, yaani baba yake, mtu mnene mwenye masharubu, alikuwa anakata nyama huku anatoka jasho. Aliniletea shawarma, mkate uliojaa nyama, ambayo sikuweza kuifumba kwa mikono miwili. Nikataka kulipa, akakataa. "Mteja mpya halipi." Jumatano ya pili akasema ni sikukuu ya mtakatifu wa mke wake. Ya tatu akasema mashine ya kadi imeharibika, na nilipotoa noti akasema hana chenji.

Mtu mwingine angeshangaa. Mimi niliandika kwenye daftari: anagawa chakula bure, huyu ana mali.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kofia ya bluu ambaye nilimkuta mara zote tatu, meza ile ile. Nikaandika: wateja waaminifu. Kulikuwa na akina mama watatu na kigari cha mtoto, nao mara zote tatu. Sikumwona mtu hata mmoja akitoa pesa. Hilo nalo nikalielewa kwa akili yangu: wanalipa kwa mwezi, kama mashirika makubwa.

Tukakaa kikao cha familia. Placide akaja na nadharia mpya. "Muhindi unamuomba vitu kidogo, sababu anaficha," akasema. "Mulibanais unamuomba mingi. Yule ataona haya ya kusema non." Mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahi kwamba hatimaye tumekubaliana. Tukaandika vitu ishirini na vitatu. Suti mbili za baba. Vitenge vya mama na vya shangazi wote, hata shangazi aliyeko Kanada. Mbuzi wawili, kwa bahasha, yaani thamani yao kwa pesa taslimu. Televisheni ya ukuta mzima. Na jenereta.

Ndiyo, jenereta. Nimekaa Bruxelles miaka kumi na minane na sijawahi kuona umeme umekatika zaidi ya muda wa sala fupi. Lakini Placide alikuwa na cherehani, na mimi nilitaka kitu chenye mota kubwa zaidi.

Mke wangu alisema neno moja tu: "Papa Furaha." Alilisema polepole. Nilijifanya sikusikia.

Wakaja nyumbani Jumapili, Papa Elias na mke wake. Furaha hakuwepo, kama desturi inavyotaka. Alikuwa zamu hospitali. Papa Elias alisoma orodha yote kwa kidole. Mke wake alikuwa na bangili za dhahabu, na nilimwona anazishika. Mwisho Papa Elias akauliza swali moja.

"Jenereta, ya petroli au ya dizeli?"

"Dizeli," akajibu Placide kabla yangu.

Akaandika. Akatushukuru kwa kahawa. Mke wangu alikuwa ameshakwenda jikoni na hakurudi kuwaaga.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa alasiri, Furaha akaingia na sare yake ya kazi. Hakukaa.

"Papa, camionnette ya Papa Elias, ile gari yake ya kubebea vitu, iko wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Aliuzisha. Leo nimemukuta mu tram na masanduku mbili ya tomate. Na mama yake Elias, mikono iko wazi. Bangili hakuna. Nilimuuliza, ananiambia ati zinamukaza."

Nikasema pengine zinamkaza kweli. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Papa, ulienda kule mara tatu na lunettes ya mama."

Nikaitazama kofia yangu iliyotundikwa mlangoni.

"Alikujua siku ya kwanza. Photo yako iko mu téléphone ya Elias, umevaa ile kofia ile ile. Saa ulikuwa unaingia, mama yake anapiga téléphone kwa batu: mukuje, mukuje, papa ya bibi-arusi iko hapa. Walisikia haya, snack iko vide, tupu. Ule muzee wa kofia bleu ni nonko, mjomba yake Elias. Bale ba maman na poussette ni majirani wa juu. Bote walikula bure, Papa. Quarante-quatre. Wewe uliwahesabu, unarudi hapa, unaandika groupe électrogène, jenereta!"

Nataka niseme nililia. Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba Placide atacheka. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote na ndiyo maana naandika bila jina.

Furaha akasema hakutakuwa na mahari. Wataandikishwa ndoa commune, ofisi ya manispaa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, halafu kanisani. Mama atakuja. Tonton Placide hatakuja. "Na wewe pia, Papa, kaa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuwaambia wagonjwa wasiinuke kitandani.

Siku iliyofuata nilirudi Anderlecht, bila kofia, bila miwani. Saa sita mchana. Ndani alikuwepo Papa Elias peke yake na redio. Aliponiona mkono wake ukaenda kwenye simu, kwa mazoea, kisha akauacha. Akaanza kunikatia nyama. Nikamwomba asikate.

Nikamwambia yote: Placide, cherehani, daftari. Nikamwambia orodha nimeichana. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti.

"Nilikuwa na akiba," akasema. "Miaka thelathini nilituma Beirut, nijenge nyumba ya uzeeni. Benki zikafunga mkono. Pesa naiona kwenye karatasi, kuitoa siwezi. Ndugu zangu mmoja yuko Abidjan, mmoja Montréal, kila mtu na shida zake. Hapa niko mimi na mke wangu na kisu hiki."

Nikamuuliza kuhusu yule daktari wa Uccle, kwa maana bado nilikuwa na daktari kichwani. Akasema hamjui, ila anamwombea heri.

Akanieleza pia jambo la Wahindi wa Placide, kwa sababu wanafahamiana, wananunua vitunguu soko moja. Wale hawakuwa na pesa kuliko yeye. Wanaishi watu tisa kwenye vyumba vitatu juu ya duka. Lakini orodha ilipofika, binamu kumi na mmoja wa hapa hapa mjini walikaa, kila mmoja akachukua kitu kimoja. Aliyechukua chumvi alikuwa mwanafunzi. "Wao wana watu karibu," akasema. "Mimi watu wangu wako kwenye simu."

Miaka yote kwa kinyozi hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

"Mbona hukuniambia huwezi?" nikamuuliza.

Akaona haya, mtu mzima yule. "Niliulizia habari zenu kwanza," akasema. "Nikaambiwa watu wa Kivu mnalima dhahabu. Kwamba ukichimba shimo la choo unatoka na coltan, yale madini ya simu. Nikasema, hawa ni matajiri, vitu ishirini na vitatu kwao ni kama karanga. Nikiomba kupunguziwa watamdharau mwanangu."

Nikamwambia mimi naosha wazee. Tukatazamana. Alianza yeye kucheka, nami nikafuata, tukacheka mpaka mpita njia akachungulia dirishani. Mteja wa kwanza wa siku hiyo, na tukamkosa, maana aliogopa akaondoka.

Yeye alinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Binti yangu si kama yeye.

Jumamosi ya harusi niliomba zamu. Nilivaa tai ndani ya koti la kazi, sijui nilikuwa namvalia nani. Saa nne kamili nilikuwa namnyoa mzee mmoja wa miaka tisini na moja. Akaniuliza, mbona tai? Nikasema binti yangu anaolewa. Akauliza, sasa? Nikasema sasa hivi. Akaushika mkono wangu wenye wembe akasema, "Basi unafanya nini na mimi?" Nilimaliza shavu la pili kwa taabu, na mzee wa watu hakulalamika.

Mke wangu alirudi jioni na picha. Aliyemwingiza Furaha kanisani ni Papa Elias. Mke wangu akanieleza kwamba yule mtu alikataa mara mbili, akasema kazi hiyo ina mwenyewe, na Furaha akamwambia mwenyewe hayupo.

Placide alisikia akasema, "Nilikuambia, Mulibanais hana kitu." Sijamsemesha tangu hapo, naye anadhani nimekasirika kwa sababu nimeshindwa mjadala.

Siku hizi Furaha huwasaidia wakwe zake Jumamosi, anakaa kwenye mashine ya pesa. Nami Jumamosi sionekani tena kwa kinyozi. Nakwenda Anderlecht, nasimama kwenye mstari, ambao mara nyingi ni mimi peke yangu, naagiza, nalipa bei kamili. "Bonjour, monsieur. Cash ao carte?" Ananipa risiti. "Merci, monsieur." Miezi saba nimekuwa monsieur kwa mtoto niliyembeba mgongoni kuvuka mpaka. Papa Elias hujificha jikoni, hawezi kutazama.

Jumamosi iliyopita palikuwa na watu kidogo, watu wa kweli. Nilikuwa nimeshalipa, nimesimama tu na mfuko wangu, namwangalia. Hakuinua kichwa. Akasema, "Papa, unazuia mulango."

Papa. Nilitoka mbio kumpisha mwanamke mwenye mwavuli, nikaenda kukaa kituo cha tram, na tram tatu zikapita sijapanda.

Kwa hiyo wewe mwenye binti, unayejua sana habari za Walebanoni na Wahindi na mifuko yao: siku kijana akija kwako, mkaribishe, muulize baba yake ameshindaje leo, na umsikilize akijibu. Usiende kuhesabu watu wanaokula kwake. Mimi nilihesabu vizuri sana, sikukosea hata mmoja, na sasa hivi furaha yangu ya wiki nzima ni kwamba mwanangu ameniambia nitoke mlangoni.