Nilienda kumuombea mutoto ya kaka yangu bibi, nikamuchagua kwa rangi ya mguu

Bakubwa muko? Bamaman, batonton, na ninyi benye munasomaka kimya bila kuandika kitu, hata ninyi nawaona! Sogeeni karibu. Mwenye iko na sufuria ku moto apunguze moto kwanza.

Hii yenye naenda kuwaambia ni kweli tupu. Kama nadanganya, kila kiatu yenye nimeshona ifunguke leo mu matope ya Kadutu.

Eeh, niko fundi ya viatu. Masomo niliachia troisième primaire, mwaka ya tatu, na ile siku mwalimu alifanya fête.

Lakini mudomo! Mudomo Mungu alinipa ya batu saba. Kwetu kukiwa kilio, kukiwa arusi, batu bakigombania mupaka ya shamba, banakuja kuniita.

Njo vile mutoto ya kaka yangu, Dieudonné, alikuja siku moja: "Tonton, nimepata bibi. Utakuwa porte-parole."

Kwa benye habajui: kwetu ukienda kuomba bibi, famille haisemake yenyewe. Kila upande iko na musemaji wake, njo ule porte-parole. Mwenye kuoa anakaa kimya sawa foto ku ukuta, akifungua mudomo ni haya kubwa. Musemaji akisema muzuri, bibi anapatikana. Akisema mubaya, munarudi nyumbani na ngombe zenu, na mutaa muzima unawaangalia.

Nikamuuliza: "Ni mutoto ya nani?"

"Ni mujukuu ya Papa Anselme, ule muzee métis wa Nguba."

Métis, chotara ya muzungu! Bakubwa, kichwa ikazimika pale pale. Sikuuliza jina. Sikuuliza kazi. Nilianza kuona tu batoto benye batatoka pale: nywele inalala yenyewe, pua imesimama sawa munara ya kanisa. Nikasema Mungu amekumbuka famille yetu.

Dieudonné akanionesha foto ku telefone yake. Ile telefone inapakaka kila mutu farini, anatoka mweupe. Mimi mwenyewe ilinipigaka siku moja, nikatoka sawa Mubelgiji mwenye iko na malaria. Basi nikaangalia foto, nikasema sawa, nimeona.

Siku ikafika, samedi saa nane ya muchana. Sisi kumi na ine, madumu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na ngombe mbili tukazifunga inje ya mulango. Haziingiake ndani kabla muzee aseme ndiyo.

Papa Anselme alikuwa amekaa mu kiti yake, fimbo mu mukono. Mweupe, nywele nyeupe, na Mashi, ile luga yetu, anasema kunipita mimi.

Bakaniita. Nikasimama. Nikafungua ule mudomo ya batu saba.

"Famille ya heshima! Tumesikia kama hapa kunapikwa café, na kuko mutu aliitia maziwa! Sisi kwetu tunakunywaka nyeusi tu, tumechoka! Tumekuja kutafuta damu ya kurekebisha rangi!"

Upande yetu bakapiga makofi. Upande yao maman moja alikohoa.

Mimi nikasema ule anakohoa juu ya furaha. Nikaongeza ingine. Nikasema demi-muzungu, nikasema moitié-moitié, nusu kwa nusu, nikasema batoto yetu batapita ku aéroport bila kuulizwa karatasi. Nilikuwa moto, bakubwa! Hata mimi nilikuwa najicheka.

Sasa kuko ile muchezo yenye munajua. Banaleta babibi batatu, bamefunikwa kitenge toka kichwa mupaka chini, na musemaji anapashwa kuonesha mwenye ni wake.

Porte-parole wao akasema: "Chagua."

Mimi nikasema: "Musiwafunue! Mutu anaweza kunidanganya kwa sura, kwa mguu hawezi. Niko fundi ya viatu. Muoneshe miguu tu!"

Bakavuta vitenge kidogo.

Mguu ya kwanza: nyeusi, safi, ndogo. Ya tatu: nyeusi, kubwa, ya kuvaa kiatu numéro 43. Ile ya katikati: manjano! Manjano sawa ndizi yenye imeiva!

Niliruka. Nilicheza. "Huyu njo wetu! Damu haijifiche! Muone rangi, hii haikutoka Shabunda, kule mu pori, hii!"

Bakafunua kitenge.

Yesu Maria.

Ilikuwa Maman Gorette, dada ya mama ya ule binti, miaka yake makumi tano na kitu, mutu wa Shabunda toka kisigino mupaka kichwa. Rangi yake inatoka mu chupa. Anaipaka asubui na magaribi. Na kama mimi, fundi ya viatu, ningeangalia vifundo ya vidole, ningeona: pale kulikuwa kungali nyeusi tii! Ile mafuta haifikake pale.

Maman Gorette akaniangalia, akasema: "Asante, bwana yangu. Nilikuwa nimekata tamaa. Ngombe ziko wapi?"

Batu bakaanguka chini kwa kucheka. Na bibi wa kweli, Furaha, alikuwa ule wa mguu ya kwanza. Mweusi kunipita mimi, na mimi si muchezo.

Pale mutu wa akili angefunga mudomo. Mimi nikasema: "Sasa umétis iko wapi? Muzee, mulitudanganya marchandise, hii si bidhaa tuliitisha!"

Kicheko ikakatika.

Papa Anselme akasimama pole pole.

"Musemaji, kaa chini. Baba yangu, muzungu, alikuwa na plantation, shamba kubwa, karibu na kijiji ya Miti. Akarudi kwao, mimi ningali natambaa. Kisha batu ba serikali ya bazungu bakanitoa kwa mama yangu, juu ya hii ngozi tu, bakaniweka fasi ingine na bengine ba sawa mimi. Ku masomo baliniita mulâtre. Ku soko, muzungu mwenye amekosa feza. Bazungu nao: ule mweusi. Mama yangu akakufa. Niko ku kilio yake, nalia, nasikia mutu nyuma anauliza: ule muzungu ni wa ONG gani ya musaada?"

Mimi nilitaka kucheka, nikauma ulimi.

"Leo unakuja mu nyumba yangu kuomba rangi. Rangi haiko. Iliisha. Kama unaitaka, Maman Gorette atakuonesha fasi banaiuzisha."

Akapiga fimbo chini. "Anza tena. Uniambie mutoto yetu ni nani. Bila rangi. Bila muzungu. Bila damu. Ukishindwa, mufungue ngombe zenu muende."

Bakubwa, mudomo ya batu saba ilikosa hata ya mutu moja.

"Furaha..." nikasema. "Furaha ni... musichana."

"Endelea."

"Iko na... miguu mbili."

Maman Gorette akasema: "Ile anaijua muzuri!"

Nikaangalia Dieudonné. Uso yake ilikuwa sawa mutu mwenye nyumba yake inaungua, na mwenye kuiwasha ni tonton yake.

Njo pale alifanya kitu yenye haifanyikake. Alisimama. Mama yake akamuvuta koti, koti ikabaki mu mukono ya mama.

"Papa, munisamehe. Furaha anafanya kazi Lwiro, ku kituo ya utafiti, anasoma wadudu. Mbu yenye inatuuma, yeye anaijua kwa jina na kwa famille yake. Akikasirika anapika bila chumvi na anakaa kukuangalia vile unakula. Nilimujua ku kilio ya dada yangu. Aliosha vyombo siku tatu, na hakukuwa hata mutu moja pale mwenye alikuwa anamujua."

Furaha aliangalia chini. Papa Anselme aliangalia inje, upande ya ngombe.

"Tukule kwanza," akasema. "Jibu itakuja."

Bugali ikakuja, sambaza, zile samaki ndogo ya ziwa, zikakuja. Dieudonné hakugusa kitu. Mimi nilijaribu, lakini zile samaki zote zilikuwa zinaniangalia na macho ya muzee.

Sasa bakubwa, mbele niwape jibu niseme yangu, juu nikishatoa jibu mutakimbia. Mimi niliwazaka kama kusema rangi ya mutu ni muchezo, ni kumusifu tena. Kumbe ule musichana nilimuombea sawa vile mutu anachagua kitambaa, nikaacha kuuliza hata jina. Na ule muzee, miaka makumi nane, kila mutu anamuanzia ku ngozi. Kama na wewe balikuitaka muzungu, mulâtre, makala, sijui nini, andika hapa chini. Na wewe mwenye ulimuitaka mwenzako, andika pia, nisibaki mujinga peke yangu.

Haya, jibu.

Kisha kula tukatoka inje kwa foto. Mupiga foto alikuwa na haraka, arusi ingine ilikuwa inamungoja. Tukajipanga, Papa Anselme katikati, ndiyo hajasema, hapana hajasema. Mimi nikajificha nyuma kabisa.

Mupiga foto akapaza sauti: "Ule tonton mweusi wa nyuma! Ule wa kuungua sawa makala! Cheka kidogo tuone meno, tujue kama uko!"

Damu ikanipanda! Nikasukuma batu, nikafika mbele: "Makala ni nani? Mimi niko na jina! Unaanzaje kuniita kwa rangi mbele ya batu, hauna haya?"

Halafu nikasikia mwenyewe kitu yenye nimesema.

Batu bote bananiangalia. Papa Anselme alianza kutetemeka. Nikasema muzee anakufa, nimemuua. Kumbe anacheka! Alicheka mupaka fimbo ikaanguka, akakamata mukono ya Dieudonné asianguke na yeye, machozi inatoka, akapaza sauti:

"Fungueni mulango ngombe ziingie, huyu naye amekuwa métis!"