Nyota Tano za Malkia

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tuliishi ughaibuni, mjini Buffalo, watu watatu: mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama. Siku moja mwalimu alitusimulia hadithi ya Wagiriki wa kale. Malkia Kasiopea alijisifia uzuri wa bintiye, miungu ikakasirika, na binti akafungwa minyororo mwambani aliwe na dude la baharini. Malkia mwenyewe yuko mbinguni mpaka leo, alisema mwalimu, nyota tano zilizojipanga kwa kupindapinda. Tukazitafute.

Majira ya baridi, Buffalo giza huingia mapema. Nilisimama barazani nikimngoja mama atoke kiwandani, nikanyoosha kidole na kuhesabu. Nilipofika tano, Bibi aliudaka mkono wangu.

"Umezihesabu?"

"Ni homework, Bibi."

"Nyota hazihesabiwi. Kila mtu ana yake; ukifikia ya mtu wenu, anaanguka."

Akaniamuru niume kidole kile, kiungo kwa kiungo, ili kufuta nilichofanya. Niliuma mpaka alama za meno zikabaki.

Mama hakuja na basi lake la kawaida, wala lililofuata. Simu yake iliita tu. Bibi aliketi dirishani, midomo ikichezacheza kwa sala. Nami nikamwona mama amefungwa kwenye mwamba wa barafu, na nilijua ni nani aliyemfunga.

Mama alifika saa mbili usiku, ameletwa na mwenzake wa kazini, mkono wake uliovunjika umefungwa plasta.

"Niliteleza kwenye barafu pale kituoni, nikaanguka," alisema. "Bon, haya, si kitu."

Neno lile, nikaanguka, lilikuwa lile la Bibi. Nilijifungia chooni nikalia kimyakimya, taulo mdomoni. Kwa miezi kadhaa, jioni nilitembea nikitazama viatu vyangu tu.

Miaka mingi baadaye Bibi alihamia Louisville kwa mjomba. Nilipokwenda kumwona, nilimwuliza kama kweli aliamini mambo yale.

"Tulipokimbia vita tulilala mu pori. Mama yako alikuwa mdogo, analia. Donc, basi, babu yako akawa anamhesabia nyota, ili anyamaze. Asubuhi nikamwamsha babu yako. Hakuamka."



Barafu ndiyo iliyomvunja mama mkono, hilo nalijua. Lakini siku hizi, nikiikumbuka jioni ile barazani, nahisi tena vidole vya Bibi vikiubana mkono wangu, na nafahamu kwamba kati yetu wawili, aliyeogopa zaidi sikuwa mimi.