Karatasi Tupu za Kidato cha Tatu

Swali la kwanza lilitaka nitaje sehemu za jani. Nilizijua zote, siku mbili kabla nilikuwa nimemfundisha mwenzangu wa dawati moja, na yeye akazipata. Mimi niliandika jina langu, nikashika kalamu, nikakaa. Mkono haukuniuma. Sikuona tu sababu ya kuandika. Kengele ilipolia nikarudisha karatasi tupu, na nadhani nilishangaa kuliko mwalimu wa bayolojia mwenyewe.

Muhula ule nilirudisha karatasi tupu nne. Mimi niliyekuwa wa kwanza tangu shule ya msingi nikawa wa mwisho, nyuma hata ya msichana aliyelazwa kwa homa wiki mbili. Mwalimu mkuu alimwita mama, akamwambia nimeingiwa na kiburi. Nikirudia mchezo huo kwenye mtihani wa kufunga muhula, nitafute pengine pa kusomea.

Kwetu Kibuyuni, mtoto hodari akishuka ghafla jibu liko tayari: husuda. Mama hakunigombeza. Alikwenda kwa maalimu, akarudi na chupa ya kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa marashi.

"Kunywa kwa nia, mwanangu. Macho ya watu mabaya."

Nilikunywa siku saba. Nilitia nia, wallahi, maana hata mimi nilitaka iwe husuda. Siku ya nane niliamka vilevile, mwili mzito, na juu yake nikapata hofu mpya: ikiwa maneno ya Mungu yamepita ndani yangu bila kugusa kitu, nimeharibika kiasi gani?

Ndipo mama akafanya kosa ambalo mama wa kwetu tu angelifanya, tena kwa mapenzi. Sisi tulikuwa wakulima wa mwani. Siku zisizo za shule, maji ya bahari yakitoka, nilikuwa nikienda naye na shangazi zangu kufunga mbegu kwenye kamba, maji yakitufika magotini, tukitaniana mpaka mbavu zinauma. Akaniondoa.

"Mwani tuachie sisi. Kazi yako wewe ni kitabu."

Nikawekwa chumbani kwa heshima zote, meza yangu, feni yangu, chai inaletwa mlangoni. Shangazi wakaonywa wasinipigie kelele. Basi nikautazama ukuta. Nililia, na kilichonichanganya ni kwamba sikuwa na la kulilia. Njaa sikuwa nayo, kipigo sikuwa nacho. Nani angeniamini? Nikajiita mvivu kabla watu hawajaniita.

Wiki moja kabla ya mtihani, shangazi yangu mdogo alileta chai ya alasiri, akaikuta ya asubuhi haijaguswa, na ya jana pia. Alitoka moja kwa moja mpaka kwa mama. "Wifi, huyu si wa kombe tena. Mpeleke hospitali." Kesho yake tukaenda Msambweni.

Daktari alikuwa mwanamke kutoka bara, mwenye Kiswahili cha mbiombio. Aliniuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kisha kama nimewahi kutamani nisiamke. Nilimtazama mama, nikasema ndiyo.

"Mama, huyu msichana hana kiburi," daktari alisema. "Ako na sonona. Ni ugonjwa wa huzuni nzito, na unatibika. Nitawaandikia shule barua."

Nilingoja mama akatae, ataje macho ya watu. Aliurekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nilipomzaa huyu, nilikuwa hivihivi. Kupika siwezi, kumshika simtaki. Nikanyweshwa makombe mpaka basi. Nikawaambia nimepona."

Alijua? Alijua, na bado akanifungia na vitabu? Hata leo sijui kama wakati ule nilitaka kumkumbatia au kumpigia kelele. Nadhani vyote viwili, na sikufanya hata kimoja.

"Iliisha baada ya muda gani?" daktari aliuliza.

"Haikuisha, daktari. Niliizoea."

Daktari aliisukuma kando barua yangu ya shule aliyokuwa ameanza kuiandika, akachukua kadi mpya, akamwuliza mama jina lake kamili.