Akili ya Mtoto wa Josia

Sista Kemilembe alikuwa mkunga wa zahanati moja ya Muleba, na tatizo lake kubwa lilikuwa kusadikiwa. Akisema mvua itanyesha, akina mama walianua kahawa.

Machi 1979 aliletewa Rozi, mke wa Josia, mgambo aliyeuawa vitani ng'ambo ya mto Kagera. Habari ya kifo ilifika asubuhi. Uchungu ukafuata jioni, mimba ikiwa na miezi sita na nusu. Mtoto alikuwa na gramu mia tisa na themanini. Zahanati haikuwa na mashine ya joto. Ilikuwa na kasha la chai, pamba, na chupa za maji ya moto, ambazo Kemilembe alizibadilisha wiki saba mfululizo huku akimdondoshea mtoto maziwa ya mama yake kwa kijiko. Kwa kazi hiyo hakuna aliyemsifu. Alikumbukwa kwa jambo jingine.

Wiki ya tano alikuja Byabato, kaka mkubwa wa marehemu. Akatoa kahawa za kutafuna, wakatafuna kwa adabu.

"Sista, sikuulizi kama ataishi," alisema. "Hilo ni la Mungu. Nauliza, akiishi, atakuwa na akili ya kushika kibanja? Tunamaliza matanga, ukoo unataka kutaja mrithi."

Chuoni, miaka mingi nyuma, daktari mmoja aliwahi kusema kwamba wasiofika kilo moja, wakipona, wengi huchelewa akili. Kati ya chuo na Muleba, neno "wengi" lilikuwa limedondoka njiani.

"Hatakuwa na akili ya kutosha, waitu."

"Niandikie."

Akaandika. Na kwa kuwa miaka ile karatasi isiyo na mhuri ilikuwa ya kufungia karanga, akagonga mhuri. Ukoo ukamkabidhi Byabato kibanja chote: migomba, mibuni na nyumba. Rozi na mwanawe wakahamia kibanda cha uani.

Mtoto, aliyeitwa Datius, hakuisoma karatasi hiyo, kwa hiyo aliendelea kukua. Alichelewa kutembea, mguu wa kushoto aliuburuta, na kitabu alikisogeza mpaka kikagusa pua. Lakini darasa la tatu alimsomea mama yake Zaburi bila kuruka mstari. Huo ulikuwa mwaka 1988, na Rozi alikuwa kitandani, akikonda kwa ukimwi, ugonjwa ambao watu waliupa jina la kitambaa, Juliana, labda wakitumaini ukiitwa vizuri utaona haya.

Akamwita Kemilembe. "Nina miezi, sista, sina miaka. Nikifa, huyu atakuwa kibarua kwenye shamba la baba yake. Nenda kwa ukoo ukafute maneno yako."

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Byabato aliitoa karatasi ndani ya Biblia, safi kama ya jana.

"Nilikosea," alisema Kemilembe.

"Ulikosea siku ile, au unakosea leo?" Byabato aliuliza kwa upole kabisa. "Maana sista ni yule yule."

Watu wakacheka. Mzee Kagaruki, mkuu wa ukoo, hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, jambo lililozidisha ugumu.

"Mwana wange, tutakusikiliza kama tulivyokusikiliza mwanzo. Mtoto huyu akifika miaka ishirini, atakuwa na akili ya kushika kibanja? Sema ndiyo, kirudi kwake leo."

Datius alikuwa ameketi karibu na mlango, akisikiliza mambo yake kama anayesikiliza habari za mtu wa Karagwe.

Katika miaka ile tisa Kemilembe alikuwa amewatembelea watoto njiti wake wengine. Wa Ngenge, aliyezaliwa mwepesi kuliko Datius, alikuwa wa kwanza darasani. Wa Buhembe, mzito kuliko wote, hakuwahi kutamka neno. Alitafuta kanuni, hakuiona.

"Sijui, waitu," alisema. "Leo ana akili. Ya miaka ishirini sijui. Hata siku ile sikujua."

Kagaruki akashusha pumzi. Asiyejua, alisema, hawezi kufuta maneno ya aliyejua. Wasubiri mtoto afike ishirini, wamwone kwa macho yao. Kila mtu aliona hiyo ni busara, hasa Byabato.

Kibandani, Rozi alikuwa ameshaletewa habari.

"Neno moja tu lilikushinda," alisema.

"Ningesema nisichokijua, mama Datius."

"Mara ile ulisema."

Kemilembe akamgeuza ubavu wa pili, akamnyooshea shuka. Alinyoosha kwa muda mrefu kuliko shuka lilivyohitaji.

Rozi alifariki Juni. Wiki ya pili baada ya maziko Byabato alimpa Datius jembe, akamwonyesha migomba ya kupalilia. Kufikia Jumamosi alikuwa akiwaambia majirani kwamba kijana ana akili sana, ukimwelekeza mara moja tu ameshika.