Kisa Alichoibiwa Bi Mashuka

Wenzake kazini walimwita Bi Mashuka, kwa kuwa alisimamia kituo cha kufulia nguo za hoteli na hospitali, na shuka lenye kunyanzi halikumpita. Alitamani shahada ya uzamili ya biashara. Aliomba chuo kimoja mara mbili, na mara zote mbili wakamkataa hata kabla ya usaili.

Aliyemfuta machozi ni wifi yake, dada wa mumewe, karani wa benki mwenye ulimi wa asali.

"Maombi yako makavu mno, wifi," alimwambia. "Hebu nipe kitu kimoja ulichofanya wewe, mwingine asingeweza."

Bi Mashuka akamsimulia siku boila, mtambo wa kuchemshia maji, ilipopasuka, wodi ya wazazi ikisubiri mashuka. Alikwenda kwa mshindani wao mkubwa, mzee asiyesalimiana hata na bosi wa Bi Mashuka, akamwomba mashine zake. Kwa malipo akamwahidi kumwazima wafanyakazi wa kituo chao msimu ambao mzee huzidiwa na kazi. Wodi ikapata mashuka, na tangu siku hiyo vituo viwili vikawa vinasaidiana.

"Hiki ndicho!" wifi akapiga makofi. "Ukiomba tena, anza na hiki."

Mwaka uliofuata hakuomba. Mama mkwe alipooza upande mmoja, na yeye ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akashinda naye hospitali. Mwaka huohuo wifi akaomba chuo kilekile, akakubaliwa. Bi Mashuka alipiga vigelegele kuliko wote.

Mama mkwe alipopata nafuu, akaomba mara ya tatu. Safari hii wakamwita. Akaketi mbele ya jopo, akaanza na boila. Alipofika kwa yule mzee, profesa mmoja akavua miwani.

"Samahani, mama. Kisa hiki tunakijua. Mwanafunzi wetu alitusimulia hapa hapa, kwamba kilimtokea yeye, katika biashara ya familia yao."

Bi Mashuka hakuuliza ni nani.

"Huyo mzee yupo," alisema. "Namba yake ninayo. Mpigieni, mumuulize alikuja nani."

Nyumbani alimkuta mumewe akitazama mpira.

"Dada yako amekisema kisa changu chuoni kama chake. Ulijua?"

Mume akapunguza sauti ya televisheni. Hakumtazama.

"Alifanya mazoezi ya kukisimulia hapa sebuleni. Wewe ulikuwa hospitali na mama."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilimrekebisha mahali pawili tu. Nilidhani umeshakata tamaa, mke wangu. Kisa kilikuwa kimekaa bure."

Bi Mashuka akakaa kitini na mkoba ukiwa bado begani. Wifi yake, huyo angemsamehe siku moja. Wifi ni wifi. Lakini huyu mume alikuwa akimletea uji hospitalini, akimuuliza mgonjwa ameamkaje, kisha akirudi nyumbani kunoa maneno ya mkewe kwenye kinywa cha mwingine.

Jioni wifi akapiga simu, sauti haina hata aibu.

"Wifi, kisa si shamba kwamba kina hati."

"Ungelima chako basi," Bi Mashuka akajibu, akakata.

Chuo kilimpigia yule mzee, naye akawaeleza yote, pamoja na jinsi alivyomfokea kwanza kabla ya kumkubalia. Bi Mashuka akapata nafasi. Wifi akaitwa, akapewa onyo, na akaachwa aendelee na masomo. Sasa ukoo mzima ukaona aliyeharibu mambo ni Bi Mashuka.

"Ungenyamaza tu," mume akamwambia. "Ungepata nafasi kwa kisa kingine. Damu nzito kuliko maji."

"Kumbe mimi ndiye maji," akasema. "Miaka yote hii."

Hakuondoka. Ana watoto, na mama mkwe bado anamwita yeye akitaka kugeuzwa. Chuoni hupishana na wifi kwenye ngazi, wakasalimiana kama wateja wa benki. Darasani anafanya vizuri, hasa hesabu, ambayo aliiogopa.

Wiki iliyopita aliongoza kundi lake kutetea mpango wa biashara, wahadhiri wakasimama kumpigia makofi. Alirudi akiwa na furaha iliyomjaa hadi machoni. Mumewe akamwandalia chai, akaketi karibu naye.

"Haya, nisimulie. Leo imekuwaje?"

Bi Mashuka akaipokea chai, akashukuru.

"Kawaida tu," akasema.